Ngitili ya Wasukuma: Ng'ombe na Kurudi kwa Msitu wa Asili Shinyanga

Katika mijadala ya mazingira hapa Uganda, mfugaji mara nyingi huonekana adui wa msitu. Insha hii inapinga dhana hiyo kwa kutumia historia ya ngitili ya Wasukuma wa mkoa wa Shinyanga, Tanzania. Hoja yangu ni kwamba kilichoangamiza miti huko hakikuwa ng'ombe wenyewe, bali kuvunjika kwa utaratibu uliosema walishwe wapi na lini.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa wakati wa kiangazi, malisho ya nje yanapokwisha. Zamani lilitengwa hasa kwa ajili ya ndama, mifugo dhaifu na maksai. Katika miezi ya kufungwa, nyasi hukua na visiki vya migunga huchipua bila kuguswa. Mifugo ikiingia hula maganda ya migunga na kusambaza mbegu kwa samadi. Kwa hiyo malisho na msitu vilitegemeana.

Utaratibu huo ulidhoofishwa hatua kwa hatua. Wakati wa ukoloni wa Waingereza, vichaka vilifyekwa kwa wingi ili kuwatokomeza mbung'o. Kilimo cha pamba nacho kikameza ardhi. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilihamisha watu, na wengi wakaziacha ngitili zao. Ardhi iliyobaki bila mlinzi ililishwa mwaka mzima.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulianza kwa kugawa miche, lakini wanakijiji walipendelea kufufua ngitili, kwa kuwa mizizi ya miti ya asili ilikuwa bado hai ardhini. Sheria zilisimamiwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi, pamoja na walinzi wa sungusungu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi, na mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta.

Hata hivyo, mafanikio haya yasipambwe kupita kiasi. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, hivyo kaya isiyo na ardhi ya kutosha hunufaika kidogo na hulazimika kununua malisho au kuni.

Kwa kuhitimisha, Shinyanga inatufundisha kuuliza swali tofauti. Sisi wa Nateete tunapika kwa mkaa unaotoka mbali, kisha tunawalaumu wafugaji miti inapokwisha. Kabla ya kumfukuza mfugaji, tuulize kwanza: nani ana mamlaka ya kufunga malisho, na nani ana haki ya kuyafungua?