Baba, Mwana na Nywila

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, kijana wa miaka 22 aitwaye Robert Tappan Morris aliachia programu ndogo kwenye intaneti. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, ila programu yake aliitoa kupitia kompyuta ya MIT, chuo kingine kabisa, ili isijulikane ilikotoka. Haikufuta faili wala kuiba fedha. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye kompyuta, kujinakili, kisha kutafuta kompyuta nyingine.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Programu ilipofika mahali iliuliza kwanza kama nakala yake imeshatangulia. Morris alihofu kwamba wasimamizi wa mitambo wangeijibu uongo, hivyo akaiagiza ibaki mara moja katika kila mara saba, hata ikiambiwa nafasi imeshachukuliwa. Mara moja kwa saba ikawa nyingi mno. Nakala zilirundikana, kompyuta zikaelemewa, na kufikia asubuhi vyuo vikuu na maabara za utafiti huko Marekani zilikuwa zinajitenga na mtandao. Makadirio yaliyozoeleka ni kompyuta 6,000, kama asilimia 10 ya zilizokuwa kwenye intaneti wakati huo. Programu inayosambaa yenyewe namna hiyo huitwa mnyoo.

Katika chuo cha Dar es Salaam nilikosomea usalama wa mtandao, mnyoo wa Morris ulipewa slaidi moja: tarehe, idadi, jina la mhusika. Chini yake palikuwa na sentensi tuliyokuwa tumeizoea kama salamu: binadamu ndiye kiungo dhaifu zaidi. Tuliikariri, tukaiandika kwenye mitihani, tukapata alama zake. Kisha somo likahamia kwenye zana, na historia ikaishia hapo.

Mwaka wa mwisho, nikitafuta maandiko ya mradi wangu kuhusu nywila, nilikutana na makala ya mwaka 1979. Mwandishi mmoja alikuwa Ken Thompson, mwasisi mwenza wa mfumo wa Unix. Wa pili alikuwa mfanyakazi mwenzake wa Bell Labs, Robert Morris. Jina lilinisimamisha. Huyo ni baba yake yule kijana.

Morris mkubwa na Thompson walikuwa wamekusanya nywila 3,289 za watumiaji na kuzichunguza. Nywila 15 zilikuwa na alama moja tu. Nyingine 72 zilikuwa na alama mbili, na 464 zilikuwa na alama tatu. Mamia zaidi zilipatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Kwa jumla, asilimia 86 ziliangukia kwenye makundi ambayo mtu angeweza kuyakisia bila jasho jingi.

Kilichonivutia ni walichokifanya na matokeo hayo. Hawakuishia kuwahimiza watu wachague nywila bora. Waligeuza mfumo wenyewe. Kila nywila iliongezewa data ya nasibu kabla ya kufumbwa, mbinu ambayo hadi leo huitwa chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane sawa ndani ya faili. Ufumbaji ukafanywa uende polepole, ili kila jaribio limgharimu muda anayekisia.

Hata hivyo, faili lenye nywila hizo zilizofumbwa liliendelea kuachwa mahali ambapo kila mwenye akaunti angeweza kulisoma. Miaka 9 baadaye, mnyoo wa mwana ulilisoma. Ulijaribu jina la mtumiaji, kisha jina hilo likiwa limegeuzwa nyuma mbele, kisha orodha ya maneno 432 iliyobebwa ndani yake, kisha kamusi iliyokuwamo kwenye kompyuta yenyewe. Ulipita pia kwenye mlango wa majaribio ulioachwa ndani ya programu ya barua pepe, na kwenye utaratibu ulioruhusu kompyuta zinazoaminiana kuingiliana bila kuulizana nywila. Utaratibu huo ulikuwa na maana siku ulipotengenezwa. Intaneti ilitokana na ARPANET, iliyoanza mwaka 1969 ikiwa na vituo vinne, na waliokuwa wakiitumia walijuana kama watu wa mtaa mmoja. Mtaa ukawa jiji, milango ikabaki vilevile.

Sasa turudi kwenye sentensi ya slaidi. Kiungo dhaifu alikuwa nani? Wataalamu walishajua watu watachagua nywila gani. Takwimu zilikuwa zimechapishwa. Walijua kuwa faili linasomeka. Mtumiaji aliyeandika jina lake kama nywila alifanya kile ambacho karatasi ya mwaka 1979 ilisema atafanya. Udhaifu uliokuwa unajulikana na kuahirishwa ni uamuzi wa waliojenga, na lawama kwa binadamu ni njia rahisi ya kuufunika.

Jambo hili linatuhusu kuliko slaidi ilivyotuonyesha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga benki wakawa na akaunti mfukoni, ikilindwa na tarakimu nne. Bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu simu amtolee hela, na namba ya siri anaitaja kwa sauti mbele ya wakala. Darasani tuliambiwa huo ni uzembe. Kwa bibi, hiyo ndiyo namna pekee ambayo huduma ile imemwachia.

Angalia pia ule ujumbe ambao karibu kila mwenye simu Tanzania ameshaupokea: ile hela tuma kwenye namba hii. Hauhitaji mnyoo wala kamusi. Unategemea kwamba miongoni mwa maelfu watakaoupata, yupo ambaye kweli alikuwa anajiandaa kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Unaweza kumhutubia mtu huyo mwaka mzima kuhusu umakini. Ama unaweza kumwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha, kama huduma nyingi zinavyofanya sasa. Njia ya pili ina damu moja na ile chumvi ya 1979: inamkubali mtu jinsi alivyo, kisha inamjengea.

Morris mdogo alitiwa hatiani kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1986 dhidi ya uhalifu wa kompyuta. Mwaka 1990 alihukumiwa miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa palepale MIT. Sioni ubaya wa kumpa kijana nafasi ya pili, na sheria zetu wenyewe, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, zitakutana na vijana wa aina yake. Ninachotaka ni kwamba uvumilivu aliopewa aliyeangusha maelfu ya kompyuta umfikie pia aliyetapeliwa elfu hamsini, ambaye kituoni huulizwa kwanza kwa nini alituma.

Siku hizi kazi yangu ni kuchunguza matukio na kuandika ripoti. Fomu ina sehemu ya chanzo, na mara nyingi watu wangependa isomeke "kosa la mtumiaji" ili faili lifungwe. Mimi hujaza hapo mambo mawili kabla ya mengine yote: nani alijua kuhusu udhaifu huu, na tangu mwaka gani.