Marekebisho ya Katiba ya California ya 1911

Marekebisho ya Katiba ya California ya 1911 yaliwapa wapiga kura wa jimbo hilo la Marekani haki ya kumwondoa madarakani kiongozi waliyemchagua kabla ya muda wake kwisha. Yalipitishwa kwa kura ya wananchi tarehe 10 Oktoba 1911. Siku hiyohiyo wanawake wa California walipewa haki ya kupiga kura.

Chanzo

Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya reli ya Southern Pacific ilikuwa na nguvu kubwa katika siasa za California. Hiram Johnson aligombea ugavana mwaka 1910 akiahidi kuvunja nguvu hiyo, akashinda. Mji wa Los Angeles ulikuwa na haki ya kuwaondoa viongozi wake tangu 1903, na jimbo la Oregon tangu 1908.

Ubishi mkubwa ulihusu majaji. Wapinzani walihofia kwamba jaji angetoa hukumu kwa kuwaogopa wapiga kura. Kwa hoja hiyo Rais William Howard Taft alizuia Arizona isiwe jimbo mwaka 1911, mpaka ilipofuta kifungu cha namna hiyo katika katiba yake. California iliwajumuisha majaji hata hivyo.

Utaratibu

Ili gavana apigiwe kura hiyo, zinahitajika sahihi zinazolingana na asilimia 12 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa ugavana, zikusanywe ndani ya siku 160. Kwa mbunge wa jimbo ni asilimia 20. Waombaji hutaja sababu, lakini uzito wake hupimwa na wapiga kura peke yao, si mahakama.

Karatasi ya kura huwa na maswali mawili: je, kiongozi aondolewe? Na akiondolewa, nani ashike nafasi yake? Mhusika haruhusiwi kugombea katika swali la pili. Kwa hiyo anaweza kuondolewa na mrithi wake akashinda kwa kura chache kuliko zile zilizomtetea. Wakosoaji huiona kasoro hiyo kuwa kubwa.

Matumizi

Tarehe 7 Oktoba 2003 Gavana Gray Davis aliondolewa, baada ya lawama kuhusu uhaba wa umeme na nakisi ya bajeti. Wagombea 135 waliwania nafasi yake. Arnold Schwarzenegger alishinda. Tarehe 14 Septemba 2021 Gavana Gavin Newsom alipigiwa kura kama hiyo, lakini takriban asilimia 62 walitaka abaki.