Kutoka Gahini hadi Kabale: Historia Fupi ya Mikutano ya Uamsho

Ukiuliza Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia wapi, wengi watakujibu: Kabale, 1935. Hawakosei sana. Lakini wazee wa ushirika wa Uamsho wakisikia jibu hilo hutabasamu, kisha huirudisha hesabu nyuma hadi Gahini, kilima cha mashariki mwa Rwanda kinachotazama ziwa Muhazi, katika siku zile kati ya Krismasi ya 1933 na Mwaka Mpya wa 1934. Hapo hapakuwa na umati. Walikuwapo waalimu wa dini, wainjilisti, wauguzi wa hospitali, na wamisionari wachache pamoja na jamaa zao. Ulikuwa mkutano wa watenda kazi wa kanisa. Sisi tuliokulia katika ushirika tunapenda kuanza na Gahini, na katika kumbukumbu hii tutaanza nayo.

Misheni ya Rwanda, tawi la C.M.S. (Church Missionary Society), shirika la kimisionari la Kianglikana, ilianzishwa na madaktari wawili, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, waliofika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1921 pamoja na wake zao. Nia yao tangu mwanzo ilikuwa kuvuka mpaka waingie Rwanda. Mwaka 1925 Geoffrey Holmes na Kosiya Shalita walifungua kituo cha Gahini. Shalita alikuwa mtoto wa Rwanda aliyelelewa Ankole, Uganda. Alipopanda kilima kile alikuwa anarudi kwao. Jina lake husahaulika mara nyingi waanzilishi wanapotajwa, wala sijui kwa nini, maana bila yeye Holmes angewahubiria watu ambao hakuijua lugha yao vizuri.

Mwaka 1928 akaja daktari kijana kutoka Cambridge, John Edward Church, ambaye Afrika Mashariki nzima ilimwita Joe. Alipokewa na njaa. Rwakayihura, ndivyo Wanyarwanda walivyoiita njaa ile ya 1928 na 1929, iliwasukuma watu barabarani kuelekea Uganda, na hospitali ya Gahini ikageuka mahali pa kugawia chakula na kuzikia wafu. Kufikia Septemba 1929 Church alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala kupumzika.

Kinachofuata husimuliwa kila penye wazee wawili wa Uamsho. Juu ya kilima cha Namirembe alimkuta Simeoni Nsibambi amesimama kando ya pikipiki yake. Nsibambi alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye kazi ya afya katika serikali ya Kabaka wa Buganda. Wakaketi siku mbili na Biblia zao wakifuatilia yote yanayosemwa humo juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Nsibambi naye aliacha kazi, akaacha hata kuvaa viatu, akawa anawahubiri watu wa Kampala mmoja mmoja. Wengine walidhani amerukwa na akili. Hakujali.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikuja Gahini mwaka huo huo wa 1929 kufundisha. Mwaka 1930 Church alimwoa Decima Tracey, na nyumba ya daktari pale kilimani ikawa nyumba ya familia. Nalitaja jambo hilo makusudi. Historia nyingi za Uamsho zinamsimulia Joe kana kwamba aliishi peke yake na Biblia yake, hali Decima aliyaishi yote: wageni wasiokwisha, watoto, wagonjwa, na baadaye miaka ya maneno, baadhi ya wamisionari wenzao walipoiona nyumba ile kuwa imezidisha ukaribu na Waafrika.

Gahini ya siku zile haikuwa na amani tunayoifikiria. Watumishi wa hospitali na wale wa kanisa walikuwa hawapatani. Kiongozi wa wauguzi, Yosiya Kinuka, alikuwa mtu wa Ankole aliyewahi kufika hospitali ya Kabale akiwa mgonjwa wa vidonda, akatibiwa, akafundishwa kazi. Sasa alikuwa na manung'uniko. Church alimtuma Kampala akazungumze na Nsibambi. Kinuka alipofika alieleza matatizo yote ya hospitali: huyu hivi, yule vile. Nsibambi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba tatizo la hospitali ni yeye Kinuka, kwa sababu moyo wake mwenyewe haujatengenezwa. Kinuka alirudi amekasirika. Alikuwa juu ya lori, katika safari ndefu ya kurudi, alipojisalimisha kwa Mungu. Alishuka Gahini akaenda kuwaomba radhi watu aliowakosea, na tangu siku hiyo yeye na Blasio wakawa kama pacha.

Ndipo tunafika kwenye mkutano wenyewe. Church alikuwa ameona huko kwao mikutano ya kiroho ya Keswick, siku kadhaa za kujifunza Neno kwa mpangilio, akataka Gahini wajaribu jambo la namna hiyo kwa ajili ya watenda kazi. Wakaitwa katika wiki ile ya baada ya Krismasi ya 1933. Walikula, waliomba, walisikiliza mafundisho. Na hakikutokea kitu. Siku zilikwenda kavu, na waliouandaa mkutano walianza kuukatia tamaa.

Siku ya mwisho, katika maombi, Mkristo mmoja wa pale alisimama akaungama dhambi zake mbele ya wote. Akafuata wa pili, wa tatu. Wakawa wanasimama wawili watatu kwa pamoja kila mmoja akitaka kusema, na haikuisha hadi saa mbili na nusu zilipopita. Wezi wa dawa na wezi wa fedha, wenye chuki za siri, wote walisema. Wamisionari walikuwa wameketi humo humo.

Hapa msomaji atulie kidogo. Mwalimu wa dini wa 1933 alikuwa mwajiriwa wa misheni. Mshahara wake mdogo, nyumba yake, kupandishwa kwake na kufukuzwa kwake vilikuwa mikononi mwa yule Mzungu aliyeketi karibu yake. Kusema mbele yake, "Niliiba," ilikuwa kuweka kazi rehani. Lakini kilichoutofautisha Uamsho na mikutano mingine mizuri ya kanisa ni kwamba mlango ule ulifunguka pande zote mbili. Si muda mrefu wamisionari nao wakawa wanaungama mbele ya watu waliowalipa: hasira, kiburi, dharau ya rangi. Wakawa wanaonywa na watumishi wao, na walio wanyenyekevu wakakubali. Mambo hayo hayakuwa mepesi kwa kila familia ya kimisionari. Wapo ambao hawakuyapenda kabisa, nasi tuliwaheshimu tu.

Blasio alipewa ushemasi mwaka 1934 akasimamia shule ya wainjilisti pale Gahini. Mwaka 1935 alijifungia nyumbani wiki nzima kwa kufunga na kuomba. Alipotoka alianza na mkewe Katarina, akamwomba msamaha, kisha akaenda kwa wanafunzi wake. Wanaomsifu kwa mahubiri yake mara nyingi hawafiki hapo kwa Katarina. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hotuba yake kubwa kuliko zote.

Septemba mwaka huo huo Lawrence Barham na Ezekieli Balaba, waliokuwa wakiliongoza kanisa la Kabale, waliialika timu ya Gahini. Blasio, Yosiya, Joe Church na wenzao wakavuka mpaka. Mpangilio wa siku ulikuwa rahisi na umedumu katika mikutano yetu hadi leo: dhambi, toba, kuzaliwa mara ya pili, kutoka Misri, Roho Mtakatifu, maisha ya ushindi, na siku ya mwisho sifa na shuhuda. Wiki zilizofuata Kigezi, wilaya ya Kabale, ilibadilika. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa, madeni yakalipwa, watu waliokuwa hawasemezani wakaamkiana. Waalimu waliokuwapo mkutanoni walirudi vijijini kwao, na kila mmoja akawa cheche.

Blasio hakuuona moto wote. Januari 1936 alikuwa amejiandaa kuwaambia viongozi wa kanisa mambo matatu: ubaridi wa kanisa, watu kuikaribia Meza ya Bwana huku wakiishi dhambini, na kipi kifanyike ili kanisa liamke. Homa ilimshika akafariki Mengo, Kampala, tarehe 25. Wito wake wa "Zukuka!", Amka!, walioupokea ni wengine. Askofu Cyril Stuart wa Uganda aliiomba timu ije Mukono, kwenye chuo cha theolojia, na Juni 1936 mkutano ukafanyika pale kuliandaa kanisa kwa sikukuu yake ya miaka 60 ya mwaka uliofuata. Mwezi huo huo Gahini ilitikisika tena, safari hii hospitalini na katika shule ya wasichana, usiku na mchana. William Nagenda, kijana msomi aliyeacha kazi yake ya serikali, alijiunga na timu wakati huo, na ndiye aliyekuja kuwa sauti yetu ya kwenda mbali.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kuliko kalamu. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, Kenya, 1938 Maseno. Mwaka 1939 Uamsho uliingia Katoke, chuo cha walimu katika eneo la Bukoba, Tanganyika, na kutoka hapo ukawagusa hata ndugu zetu Walutheri wa Buhaya. Burundi ulifika kupitia vituo vya Buhiga na Matana. Wimbo wa Tukutendereza, wa Kiganda, ukavuka mipaka yote hiyo bila pasipoti. Hadi leo utausikia ukiimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Mwaka 1941 kulikuwa na kutoelewana katika chuo cha theolojia cha Mukono, ambapo wanafunzi 26, Nagenda miongoni mwao, walifukuzwa chuoni. Yameandikwa mengi juu ya jambo hilo na wengine watayaandika tena. Tushukuru tu kwamba kanisa halikupasuka, na kwamba miongoni mwa waliotoka hakuna aliyeanzisha dhehebu lake.

Septemba 1945 Kabale ilikutana tena, miaka kumi baada ya ule wa kwanza, vita vimekwisha, barabara zimefunguka. Maelfu walikuja, wengine kwa miguu kwa siku nyingi, wakalala majumbani mwa watu na kwenye mabanda ya majani. Neno la mkutano lilikuwa kwamba Yesu anatosha. Tangu hapo ikawa desturi Kabale ikutane kila mwaka wenye tano mwishoni. Mwaka 1947 Church, Barham, Nagenda na Kinuka walikwenda Uingereza. Kinuka, yule muuguzi wa lorini, sasa akiwashuhudia Waingereza nyumbani kwao! Mhubiri mmoja wa huko, Roy Hession, alichomwa moyo kwa ushuhuda wao, na kitabu chake cha 1950, *The Calvary Road*, kikaupeleka ujumbe wa Gahini dunia nzima.

Kenya, mikutano ya Kahuhia, Kabete na Thogoto ilikuja muda mfupi kabla ya Hali ya Hatari. Ndugu wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki ya serikali. Waliuawa kadhaa. Damu yao Bwana anaijua.

Kwa kuwa nafasi ni ndogo, miaka iliyobaki itatajwa kwa ufupi. Tarehe 15 Mei 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu Namirembe maaskofu wasaidizi wanne Waafrika. Miongoni mwao Yohana Omari wa Tanganyika na Obadiah Kariuki wa Kenya walikuwa watoto wa Uamsho. Kabale 1955. Shalita akawa askofu mwaka 1957. Rwanda, machafuko ya 1959, na kuuawa kwa mchungaji Yona Kanamuzeyi Januari 1964. Bukoba, Josiah Kibira akawa askofu wa Kilutheri mwaka 1964. Kabale 1965. Erica Sabiti, Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika katika jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda na Burundi, 1966. Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa mhubiri wa mataifa, askofu wa Kigezi 1972. Nagenda alilala 1973. Kabale 1975, chini ya utawala wa Amin. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 na Kivengere akakimbilia uhamishoni. Nsibambi alilala 1978. Kabale 1985, jubilei ya miaka 50. Kivengere alilala 1988, Joe Church 1989. Mwaka 1994 Rwanda ilipita mahali ambapo hatuna maneno. Miongoni mwa wafu walikuwamo ndugu wengi, na miongoni mwa waliosalia wapo walioficha jirani zao. Kabale 1995. Dayosisi ya Kianglikana ya Kindu, Maniema, 1997, ambako shuhuda sasa husikika kwa Kiswahili cha Kongo. Katikati ya hayo yote kulikuwa na kundi la Abazukufu, yaani walioamshwa upya, ndani ya Uamsho, na mvutano wake na wenzao, ambao wazee wameendelea kuushughulikia kwa upole.

Ushirika haujawahi kuwa na katiba, wala daftari la wanachama, wala ofisi. Kwa sababu hiyo tarehe nyingi zimebaki vichwani mwa wazee, nao wanapungua. Barua na shajara za Joe Church zimehifadhiwa Cambridge. Vijana wa vyuo vyetu vya theolojia watakaopata nauli waanzie huko. Wasioipata waende kwa wazee wa ushirika wa karibu, wawe na kalamu, wasiwakatize.