Bima ya Ndege Binafsi: London, Marekani, Ulaya na Takafuli

Mnunuzi wa gari Dar es Salaam huulizwa jambo moja: bima kubwa au ndogo. Mnunuzi wa Cessna 206 itakayobeba familia na wageni wake kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hadi viwanja vya nyasi vya Maasai Mara hana bahati hiyo. Ataulizwa kuhusu mwili wa ndege ikiwa angani na ikiwa imeegeshwa, kuhusu abiria, watu walio chini, vita na utekaji, na hasa kuhusu nani ataruhusiwa kuirusha. Maswali hayo yametoka katika mapokeo mbalimbali, na kila pokeo lina jibu lake kuhusu nani aachiwe hasara ambayo haikutajwa wazi.

Pokeo kongwe ni la London. Mwishoni mwa karne ya 17, wafanyabiashara wa vyombo vya baharini walikutana katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, kila mmoja akitia saini kwa sehemu ya hatari aliyokubali kuibeba. Soko lililokua humo, Lloyd's, lilitoa hati yake ya kwanza ya bima ya ndege mwaka 1911. Mwaka uliofuata ajali zilizotokana na hali mbaya ya hewa ziliwatia watoa bima wake hasara, wakaiacha biashara hiyo kwa muda. Hata waliporudi, waliiangalia ndege kwa jicho la baharini: mwenye chombo ndiye anayekijua, basi aseme yote.

Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya 1906 iliandika kanuni hiyo bila huruma. Ukificha au ukisahau jambo la maana, mtoa bima angeweza kuufuta mkataba wote, hata kama jambo hilo halikuhusiana na ajali. Waingereza wenyewe wameilegeza. Sheria yao ya Bima ya 2015 inamtaka mwenye mali aeleze hatari kwa haki, na kama amekosea bila kukusudia wala uzembe uliokithiri, mara nyingi adhabu hupimwa kulingana na kosa. Mageuzi hayo ni ya kwao. Kenya na Tanzania zilirithi kanuni za zamani za Kiingereza, kwa hiyo mtu akinunua hati Nairobi ni vizuri aangalie imeandikwa kufuata sheria ya nchi gani. Ni mstari mmoja tu, nao kwa kawaida hujificha kurasa za mwisho.

Marekani walikwenda njia nyingine. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwenye ndege ya matumizi binafsi kukata bima. Majimbo machache yana masharti yao, na benki iliyokopesha fedha huweka yake. Uhuru huo umezaa hati zinazovutia kwa bei na kutisha kwa maandishi. Iliyozoeleka husema dhima ni dola milioni 1 kwa kila tukio, kisha ikaongeza kwamba abiria mmoja hatalipwa zaidi ya dola 100,000. Ndege ikianguka na abiria wanne, milioni ile kwao imekuwa laki nne. Wajane watakaoshtaki hawatajali kikomo hicho. Watamdai mwenye ndege kilichobaki, na nyumba yake ikiwa imo. Hati isiyo na kikomo cha kila abiria ipo, ila ni ghali zaidi, na kwa ndege ya viti sita inaweza kuwa ngumu kuipata.

Umoja wa Ulaya uliona hatari hiyo ukafunga mlango. Kanuni yake namba 785 ya 2004 inapanga kiwango cha chini cha bima kwa uzito wa ndege. Cessna 206, ambayo uzito wake wa juu wa kurukia ni kama kilo 1,630, inaingia katika kundi la chini ya kilo 2,700. Dhima yake kwa watu walio chini haipaswi kupungua SDR milioni 3, yaani zile haki maalumu za fedha zinazokokotolewa na IMF. Kwa abiria wa safari isiyo ya biashara, kiwango ni SDR 100,000 kwa kila mmoja, na SDR moja inazidi dola moja. Linganisha: laki moja ambayo Mmarekani ameiweka kuwa dari, Mzungu wa Ulaya ameiweka kuwa sakafu. Kwa upande huu naona Ulaya wana haki. Abiria hakuisoma hati kabla ya kupanda, na hakuna aliyemuuliza.

Lakini Wamarekani wana jambo moja la kuiga, nalo ni kuisoma thamani kwa makini. Ndege nyingi hukatiwa bima kwa thamani iliyokubaliwa siku ya kutia saini. Chukua mfano wa ndege ambayo sokoni ni dola 300,000, na mwenyewe, ili apunguze ada, ameiandikisha kwa 180,000. Inatua vibaya, gurudumu la mbele linavunjika, propela inagonga ardhi, na injini lazima ifunguliwe ikaguliwe. Matengenezo ni dola 130,000, mabaki yanauzika 80,000. Kampuni ya bima inafanya hesabu: ikilipa 180,000 na kuchukua mabaki, imetumia 100,000 tu. Itaitangaza ndege kuwa imekufa. Mwenyewe anabaki na 180,000 mkononi na soko linalodai 300,000. Bei za ndege zilizotumika zilipanda sana baada ya janga la korona, na hesabu hii iliwakamata waliohuisha bima mwaka baada ya mwaka bila kugusa thamani.

Takafuli, bima ya Kiislamu ya kushirikiana, inaanza mahali pengine kabisa. Ibn Abidin, faqihi wa Damascus aliyefariki 1836, aliichambua bima ya baharini ya wafanyabiashara wa Ulaya na hakuiridhia. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah lilikataa bima ya kibiashara yenye ada maalumu kwa sababu ya gharari, yaani utata mkubwa katika mkataba, likakubali ile ya kushirikiana. Wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, kampuni inausimamia kwa malipo, na ziada inaweza kurudi kwa waliochangia. Kenya ilipata kampuni ya namna hiyo, Takaful Insurance of Africa, mwaka 2011.

Kwa nyumba na magari mfumo huo unasimama vizuri. Kwa ndege unakutana na hesabu. Mfuko unahitaji wanachama wengi wenye hasara ndogo ndogo, ilhali ndege binafsi ni chache na hasara moja inaweza kumeza michango ya miaka. Ziada ambayo ndiyo tunda la mfumo haitegemeki hapo. Mfuko hulazimika kutafuta takafuli mtawanyo, yaani mfuko mwingine wa kuubebea sehemu ya hatari, na uwezo wa huo usipotosha, wanazuoni wengi wameruhusu bima mtawanyo ya kawaida kwa hoja ya dharura.

Na hapo ndipo njia zote zinapokutana. Sheria ya Kenya, kama ya Tanzania, inataka bima ya mali iliyomo nchini ikatwe kwa kampuni iliyosajiliwa humo, isipokuwa kwa kibali cha msimamizi. Kampuni hiyo hubakiza sehemu ndogo ya hatari ya ndege na kuisukuma iliyobaki nje, kwa kawaida London. Mara nyingi mkataba huo wa nje unampa mtoa bima mtawanyo mamlaka ya kuendesha madai, hivyo ofisi uliyoilipa haiwezi kukubali fidia bila ruhusa yake. Ofisi hiyo ikifilisika, fedha za London zitaingia kwa mfilisi wake kabla hazijakufikia, isipokuwa hati ina kifungu cha kukulipa moja kwa moja.

Vita ni somo lake. Hati za kawaida huviacha nje, na kinga yake hununuliwa kando. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, watoa bima walitoa notisi ya siku 7 tu kuondoa kinga ya dhima itokanayo na vita, kisha wakairudisha ikiwa imepunguzwa.

Basi ukiwa na ndege, yako au ya kampuni, usimwulize dalali bei kwanza. Mwambie akuonyeshe kifungu cha marubani, na kama kinataka rubani mwenye saa 500 huku mwanao ana 300, kibadilishwe kabla hajagusa usukani. Muulize kama mgeni akichangia mafuta safari bado itahesabiwa ya binafsi. Hakikisha dhima kwa abiria haina kikomo cha kila kichwa, au ukubali kikomo hicho ukijua ni nani atalipa kinachozidi. Thamani ya ndege ipimwe upya kila unapohuisha. Mwisho, dai kifungu cha kulipwa moja kwa moja na bima mtawanyo kiandikwe kabla ya kulipa ada, kwa sababu baada ya ajali hakuna atakayekuandikia.