Bustani ya Wataalamu, Siku ya Watoto: London, 1828 hadi 2001

Bustani ya wanyama iliyofunguliwa katika eneo la Regent's Park, jijini London, mwezi Aprili 1828, haikukusudiwa watoto. Chama cha Zuolojia cha London, yaani jumuiya ya watu waliojishughulisha na elimu ya wanyama, kilikuwa kimeundwa miaka miwili kabla yake kwa juhudi za Stamford Raffles, aliyewahi kuwa mtawala wa Kiingereza huko Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na mwanakemia Humphry Davy, na lengo lake lilikuwa kukusanya wanyama hai ili wachunguzwe, walinganishwe na, ilipowezekana, wazoeshwe kufugwa kwa faida ya nchi. Asiyekuwa mwanachama alitakiwa kufika na barua ya mwanachama mkononi na kulipa shilingi moja, masharti ambayo kwa fundi mwenye watoto wanne yalitosha kumrudisha nyumbani. Kwamba hapo hapo pakaja kuwa mahali ambapo mzazi huwapeleka wanawe kushinda kutwa ni jambo lililoletwa na ukata wa chama kuliko huruma ya waasisi wake.

Ilipofika miaka ya 1840 umaarufu wa bustani ulikuwa umefifia na hazina ya chama ilikuwa imepungua, hivyo mwaka 1847 sharti la barua likaondolewa, na siku ya Jumatatu kiingilio kikashushwa hadi peni 6, ambazo ni nusu ya shilingi ya Kiingereza, ile ile ambayo jina lake lilirithiwa baadaye na fedha za Afrika Mashariki. Kwa vizazi kadhaa siku ya Jumapili iliendelea kutengwa kwa wanachama na wageni wao, ingawa kwa wafanyakazi wengi hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee ya mapumziko, kwa hiyo familia za kawaida zilipata nafasi halisi baada ya sheria ya mwaka 1871 kuweka sikukuu za mabenki, nyingi zikiangukia Jumatatu. Sheria hiyo ilisukumwa na John Lubbock, mwenye benki ambaye pia alichunguza maisha ya chungu na nyuki, na kuanzia hapo Jumatatu ya Pasaka ikawa miongoni mwa siku ambazo vijia vya bustani vilifurika wazazi wenye vikapu vya chakula.

Kilichowavuta watoto si majina ya Kilatini yaliyobandikwa kwenye vizimba. Tangu miaka ya mwanzo palikuwa na shimo la dubu, lililojengwa kwa kuta za kuzunguka na nguzo katikati, ambamo dubu alipanda nguzo ili apewe andazi lililonunuliwa papo hapo na kuchomekwa kwenye ncha ya fimbo. Mwaka 1850 aliwasili Obaysch, kiboko mchanga aliyekamatwa Mto Nile na kutolewa na mtawala wa Misri, Abbas Pasha, na idadi ya wageni ikaongezeka karibu maradufu mwaka huo, japokuwa mnyama mwenyewe alitumia saa nyingi akilala. Wasimamizi walijifunza jambo ambalo hawakulisahau tena: kwamba mnyama mmoja mwenye jina, ambaye mtoto anaweza kumwita na kumdai mzazi ampeleke kumwona, huingiza fedha kuliko safu nzima ya wanyama wasio na majina.

Hakuna aliyethibitisha hilo kama tembo Jumbo. Alikamatwa akiwa ndama huko Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1860, akapitia Paris, na mwaka 1865 akafika London, ambako chini ya uangalizi wa mtunzaji wake, Matthew Scott, aliwabeba watoto mgongoni juu ya kiti kirefu cha kukalia pande mbili, huku mkonga wake ukipokea maandazi kutoka kwa waliosubiri zamu. Wapo wanaodai kwamba jina lake linatokana na neno la Kiswahili "jumbe" au "jambo". Dai hilo humpendeza msemaji wa Kiswahili, lakini tembo huyo hakupitia pwani ya Afrika Mashariki, na kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Msimamizi wa bustani, Abraham Bartlett, alijua kwamba tembo dume akikomaa hupitia vipindi vya kutokwa na majimaji kwenye mapanja na kuwa mkali asiyezuilika, naye akahofia siku ambayo ukali huo ungemkuta Jumbo akiwa na watoto mgongoni. Mwaka 1882 chama kilimuuza kwa pauni 2,000 kwa P. T. Barnum, Mmarekani mwenye sarakasi, na watoto kwa maelfu wakaandika barua za kupinga, nyingine zikielekezwa kwa Malkia Victoria mwenyewe. Barua hizo hazikumrudisha Jumbo, ambaye aligongwa na treni huko Ontario, Kanada, mwaka 1885. Lakini zilionyesha kwamba watoto walijiona wenye haki juu ya bustani ambayo haikujengwa kwa ajili yao.

Karne ya 20 iliikubali haki hiyo waziwazi. Dubu jike Winnie, aliyeachwa bustanini mwaka 1914 na daktari wa mifugo wa jeshi la Kanada aliyekuwa njiani kwenda vitani, alikuwa mpole kiasi cha watoto kuruhusiwa kumkaribia, na mmoja wao, mwana wa mwandishi A. A. Milne, ndiye aliyesababisha jina hilo kuingia katika kitabu cha mwaka 1926. Mwaka huo huo ilianza karamu ya chai ya sokwe, maonyesho ambayo sokwe waliketishwa mezani wenye vikombe na sahani ili watoto wacheke, nayo yaliendelea hadi 1972. Mwaka 1938 likafunguliwa eneo maalumu la watoto, ambako waliweza kuwagusa wanyama wadogo, na aliyekata utepe alikuwa mtoto wa miaka 6, Edward Kennedy, mwana wa balozi wa Marekani.

Kilele kilikuwa mwaka 1950, wageni walipozidi milioni 3 kwa sababu ya Brumas, mtoto wa dubu mweupe wa ncha ya kaskazini aliyezaliwa Novemba 1949. Panda Chi Chi aliyefuata mwaka 1958 ana uhusiano na Nairobi, kwani mfanyabiashara wa wanyama aliyeishi huko, Heini Demmer, alimpata Beijing kwa kubadilishana na wanyama wa Afrika Mashariki, wakiwamo twiga na vifaru. Foleni za watoto wa London zilikuwa na gharama iliyolipwa nyikani, mbali na macho yao.

Tangu hapo mkono wa mtoto umeondolewa kidogo kidogo juu ya mnyama: maandazi yalipigwa marufuku, migongo ya tembo ikafungwa, meza ya sokwe ikaondolewa. Mwaka 2001, baada ya mtunzaji mmoja kuuawa na tembo, tembo wote walihamishiwa Whipsnade, bustani pana ya chama hicho hicho iliyofunguliwa mwaka 1931 mashambani Bedfordshire, na mzazi anayewapeleka wanawe Regent's Park leo huwaonyesha jengo la zege lililokamilishwa mwaka 1965 kwa ajili ya tembo, ambamo hamna tembo.