Ardhi ya Wote Katika Nchi ya Uzigua

Mkata ni mji wa wilaya ya Handeni, kando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera. Mgeni apitaye, akiona nyika iliyotanda, huweza kudhani kuwa ardhi ile haina mwenyewe. Dhana hiyo ni ya zamani, na madhara yake ni makubwa.

Kabla ya utawala wa kigeni Wazigua walilima, walichunga na kuwinda katika nchi hiyo. Mtu alikuwa na shamba lake, lakini malisho, maji na miti ya matambiko ilikuwa ya wote. Jembe, moto na kwato za mifugo vilizuia vichaka visisogee makaoni, na mbung'o wakakaa mbali na ng'ombe. Basi uwazi wa nchi ulikuwa kazi ya mikono ya watu, wala haukuwa zawadi ya maumbile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki. Njaa ya miaka ya 1894 hata 1896, na ile ya 1898 hata 1900, ziliwatawanya watu. Mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o wakafuata vichaka. Katikati ya msiba huo, tarehe 26 Novemba 1895, serikali ya Wadachi ilitoa amri kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kwa amri hiyo, shamba lililokimbiwa kwa njaa liliweza kuhesabiwa kuwa shamba lisilo na mtu.

Waingereza walifuata kwa sheria ya 1923, iliyoweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana. Haki ya mila ilitajwa waziwazi katika marekebisho ya 1928. Baada ya uhuru, sheria ya 1963 iliondoa umilikaji wa ardhi usio na ukomo. Ndipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ikagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya wote, ya mtu au jamaa, na ya akiba. Halmashauri hupendekeza fungu la wote, mkutano mkuu wa kijiji huliidhinisha, na daftari lake huwekwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijiji cha kando ya barabara kikikua kuwa mji, kila kiwanja hupata bei, na malisho au uwanja usioandikwa huwa wa kwanza kumegwa. Adui wa zamani alikuwa kichaka, naye alionekana akija. Kipimo cha mnunuzi huingia kimya. Lakini dawa ya wote wawili ni moja: watu wanaokutana, wanaojua mipaka yao, na wanaoitunza ardhi yao pamoja.