Kimondo: Mwanga au Jiwe?

Wanafunzi wetu hapa Remera huuliza: kimondo ni mwanga unaopita angani usiku, au ni jiwe linaloanguka? Historia ya Afrika Mashariki inatoa majibu mawili.

Huko Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, liko bonge la chuma la tani zipatazo 16, lililojulikana kwa wataalamu mwaka 1930. Huitwa Kimondo, ingawa hakuna kumbukumbu ya mtu aliyeliona likianguka. Jiwe limebeba jina la mwanga ambao haukusimuliwa.

Mbale, Uganda, mashahidi walikuwapo. Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992 walisikia mishindo angani, kisha mawe yakaanguka. Kipande kisichofika gramu 4 kiligonga jani la mgomba, kikampata kijana kichwani bila kumdhuru. Watafiti waliwahoji watu, wakapima mawe, wakaandika.

Kwa maoni yetu, darasani tutofautishe: kimondo ni mwanga, jiwe la kimondo ndilo linalookotwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Anga la Kigali likiwaka usiku mmoja, shahidi awe na maneno ya kutosha kuiachia historia.